Simu ya Mwanangu Aliipokea Rafiki Yangu

Nina umri wa miaka thelathini na tisa, ni mama wa mtoto mmoja, msichana anayeitwa Mutheu. Nilizaliwa Kitui, lakini miaka mingi sasa naishi Kawangware, Nairobi, na kufanya kazi ya nyumba huko Lavington, ile ya kwenda asubuhi na kurudi jioni. Baba yake Mutheu alituacha mtoto akiwa bado ananyonya... lakini habari zake sizihadithii leo. Kuna aliyeniumiza kuliko yeye. Na huyo alikuwa mwanamke mwenzangu, tena mama mwenzangu!

Naandika haya nikiwa nimeketi kando ya kitanda cha mwanangu. Nikimaliza itabidi nimgeuze ubavu wa pili, kwa sababu mwenyewe hawezi. Kwa hiyo mniwie radhi, wasomaji wenzangu, kama maneno yangu hayatapangika vizuri.

Mutheu alizaliwa mzima kabisa. Alikimbia, aliruka kamba, aliimba kwaya ya watoto kanisani. Alipofika darasa la tano nikaanza kuona sweta yake ya shule inateremka bega moja. Kila siku ni bega lile lile. Nilimgombeza. Nilimwambia, "Mutheu, simama wima kama watu!" Nikaulaumu mkoba wa vitabu, nikamnunulia mwingine wa kubeba mabega yote mawili. Haikusaidia.

Halafu Jumamosi moja aliinama kwenye karai nimwoshe nywele. Nikaona mgongo wake. Upande mmoja wa mbavu ulikuwa umeinuka kama kitu kimefichwa chini ya ngozi, na mfupa wa katikati ulikuwa umekunja kona. Niliacha sabuni ikamwingia machoni. Alilia, "Mum, macho!" na mimi nimesimama tu, mikono inadondosha povu.

Zahanati walituandikia twende hospitali moja kubwa mjini, yenye kliniki ya migongo. Daktari wa pale, kijana mpole, alitundika eksirei ukutani na kunionyesha. Mgongo wa mwanangu ulikuwa kama nyoka anayetembea! Nilimuuliza kama ni mimi niliyemfanya hivyo, kama nilimbeba vibaya alipokuwa mchanga. Akasema hapana, mama, si kosa la mtu. Ni ugonjwa unaowapata watoto, hasa wasichana wanapoanza kurefuka, na kadiri anavyorefuka ndivyo mgongo unavyozidi kupinda. Mwishowe mbavu zinabana mapafu na mtoto anakosa pumzi.

Dawa yake? Kupasuliwa, na kufungwa vyuma vya kuushikilia mgongo. Gharama aliyonitajia, hata ningeuza shamba lote la marehemu baba, nisingeifikia. Nilianza kulia pale pale. Ndipo akaniambia kwamba mara moja kwa mwaka hufika kundi la madaktari wa kujitolea kutoka nje, wakishirikiana na wao wa hapa, na huwapasua watoto bure. Huja na vyuma vyao wenyewe. Ila watoto ni wengi na vyuma ni vichache, kwa hiyo huchaguliwa wale wanaohitaji zaidi.

Hapo ndipo tulipoanza kuhudhuria kliniki. Na hapo ndipo nilipokutana na Mama Faith.

Alinisikia nikimsemesha Mutheu Kikamba kwenye benchi la kusubiri, akageuka na uso wote ukiwa tabasamu. Naye alikuwa wa kwetu, wa upande wa Mwingi. Alikuwa anafagia na kupiga deki ofisi za Hurlingham, na binti yake Faith alikuwa wa rika la Mutheu, mwenye ugonjwa ule ule. Wasomaji wenzangu, hamjui raha ya kukutana na mtu ambaye huhitaji kumweleza kitu! Majirani wa plotini ninapopanga walikuwa wakiniuliza kama nimerogwa. Mama Faith hakuuliza. Alijua.

Watoto nao walipendana. Walikuwa wakijifungia chooni pale kliniki, wanainuliana blauzi na kulinganisha migongo. Tulikuwa tukiwasikia wakicheka. Faith alikuwa akitoka na kusema, "Auntie, wa Mutheu umepinda kuliko wangu! Yeye ndiye ameshinda!" Nasi mama zao tulicheka, huku tunafuta machozi.

Tukawa kama ndugu. Tulisali kanisa moja. Jumapili alikula kwangu, au mimi nikala kwake Kangemi. Alipougua malaria nilimpikia uji na kumfulia Faith nguo. Nilipofiwa na mamangu, yeye ndiye aliyenishika mkono hadi kaburini.

Ikafika siku ya kuchaguliwa. Ukumbi wa hospitali ulijaa wazazi kutoka kila pembe ya Kenya, wengine walikuwa wamesafiri usiku kucha na watoto mapajani. Madaktari wale wageni walikuwa wakimwambia mtoto ainame, wanampapasa mgongo, wanamwambia apulize kwa nguvu kwenye mrija, kisha wanatazama eksirei na kunong'onezana. Jioni nesi wa kliniki, ambaye sote tulimwita Sista, akaanza kusoma majina.

Mutheu alisomwa!

Nilipiga kigelegele, nikaona aibu, nikajifunika mdomo na leso. Faith naye alisomwa, lakini kati ya watoto wa akiba. Mgongo wake haukuwa umefika mbali kama wa Mutheu. Angepata nafasi kama mmoja wa waliochaguliwa hangefika, la sivyo angengojea mwaka ujao.

Tulipotoka nje Mama Faith aliniangukia begani akalia kama mtoto. Nililia naye. Nilimwambia zamu ya Faith itafika, kwamba Mungu hawezi kumwacha. Aliniambia, "Mama Mutheu, nafurahi kwa sababu yako. Kweli nafurahi." Na mimi nilimwamini. Kwa nini nisimwamini?

Wiki iliyofuata nilikuwa nikitembea Tom Mboya Street, nimetoka kumnunulia Mutheu nguo ya kulalia na ndara za hospitali. Mtu alininyakua mkoba, akapotelea kwenye umati. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Simu ilikwenda. Kitambulisho kilikwenda. Na ninyi mnajua, bila kitambulisho huwezi kurudisha laini yako ya simu, wala kusajili nyingine. Nikaanza kufuatilia kitambulisho kipya, nikaambiwa ningoje.

Nilichojali mimi ni simu moja tu, ile ya hospitali. Sista alikuwa ametuambia kwamba tarehe zikiwa tayari, kila mzazi atapigiwa simu alete mtoto alazwe. Namba ya madam wangu wa Lavington nisingeweza kuitoa, hapendi namba yake ipewe watu asiowajua. Kwa hiyo nilikwenda kliniki pamoja na Mama Faith, nikamweleza Sista yaliyonipata, nikamwomba aandike namba ya rafiki yangu.

Mama Faith alikuwa amesimama kando yangu. Nakumbuka alimshika Sista mkono. "Sista, usijali kabisa. Hiyo simu ikiingia tu, mimi nakimbia kwake hata bila viatu."

Tukacheka sote watatu.

Basi nikaanza kungoja. Kila jioni nikitoka kazini nilipitia kwa Mama Faith kabla ya kwenda kwangu. Sikuingia hata ndani. Nilisimama mlangoni nikamuuliza, "Wamepiga?"

"Bado, mama."

Siku nyingine aliniambia amepita kliniki mwenyewe akitoka kazini, na ameambiwa madaktari hawajafika nchini. Kwamba kuna vyuma vimekwama uwanja wa ndege. Alinieleza kwa utulivu, hata akanituliza mimi! "Usijisumbue kwenda huko, utagombana na madam bure. Mimi niko karibu."

Halafu akaniambia Faith amebanwa na kifua, kwamba anampeleka Mwingi kwa nyanya yake apumzike kwa hewa ya nyumbani. Atakaa huko kidogo, lakini simu iko naye, hospitali ikipiga atatuma mtu kwangu mara moja. Nilimfungia Faith chapati za njiani. Kanisani nilisimama mbele ya watu wote nikaomba wamwombee Faith. Siku iliyofuata nilifunga, nikashinda bila kula wala kunywa, nikimlilia Mungu amponye kifua yule mtoto!

Siku zikapita. Nilikuwa nikiazima simu ya jirani na kumpigia... mteja hapatikani. Nikipiga tena, mteja hapatikani. Nilimwomba madam ruhusa asubuhi, nikaenda hospitali moja kwa moja.

Sista aliponiona, aliweka chini kikombe chake cha chai.

"Mama Mutheu! Umerudi lini kutoka nyumbani?"

"Nyumbani gani, Sista? Mimi sijatoka Nairobi."

"Tulipiga simu. Tukaambiwa umempeleka Mutheu ushago, nyumbani Kitui, kwamba watu wa kwenu wamekataa asipasuliwe. Nilisikitika sana. Nikauliza kama una hakika, nikaambiwa usisumbuliwe tena."

"Nani alikuambia hivyo?"

Macho yake yalielekea wodini, na mimi nikayafuata.

Jamani... Katikati ya ile wodi, Faith alikuwa anatembea. Polepole, mtu wa mazoezi amemshika kwapa, lakini anatembea. Na mgongo wake ulikuwa umenyooka! Alikuwa amerefuka. Mabega yalikuwa sawa. Nyuma yake, amebeba ndara zake, alikuwa Mama Faith.

Aliponiona ndara zilimponyoka.

"Mama Faith... ni wewe?"

"Mama Mutheu, ngoja. Ngoja nikuambie vile ilikuwa..."

"Nilikuja kwako kila jioni! Kila jioni ukiniangalia machoni! Ukaniambia bado!"

Faith alikuwa amenigeukia akitabasamu, maskini, hajui lolote. Akasema, "Auntie! Mutheu ako wapi? Amelazwa chumba gani? Mum alisema atakuja."

Nilitoka nje ya wodi nikishika ukuta. Kwenye ngazi nikaketi pale pale watu wakinipita.

Sista alikimbia kumtafuta daktari wetu. Walijaribu, siwezi kusema hawakujaribu. Daktari alikuja mwenyewe akaketi nami kwenye ngazi, na koti lake jeupe. Alisema upasuaji wa mwisho ulimalizika jana yake. Vyuma vilikuwa vimekwisha, wageni walikuwa wanafunga mizigo. Alisema mwaka ujao Mutheu atakuwa wa kwanza kabisa. Nikamuuliza, "Daktari, mwaka mmoja mgongo utamngoja?"

Mngefanya nini ninyi? Mngemshika yule mwanamke mkamrarua? Mngempeleka polisi mkaseme nini, kwamba ameiba simu? Nilirudi Kawangware kwa miguu, sikumbuki nilipita njia gani.

Mutheu alikuwa amekwisha kupanga nguo zake za hospitali kwenye mfuko. Nilimwambia kweli, kwa sababu sikuwa na nguvu za kutunga uongo. Akauliza, "Faith aliumwa sana?" Hilo tu! Niliingia jikoni nikajiziba mdomo na taulo.

Ule mwaka... Mungu anajua. Mutheu alikuwa anarefuka, na kila alivyorefuka ndivyo alivyozidi kukunjika. Ubavu wa kulia ukatoka nje. Kichwa kikalalia upande. Darasa lao lilikuwa ghorofani, akaanza kusimama katikati ya ngazi kuvuta pumzi, watoto wanampita wakimwita majina nisiyoweza kuyaandika. Kwaya akaacha, maana sauti ilikatika kabla ya mstari kuisha. Akawa analala ameegemea mito, kwa sababu akilala chali anakosa hewa. Nilikuwa nikimsikiliza anavyopumua huku nimekodoa macho gizani.

Na chuki, wasomaji wenzangu, chuki ilinila! Nilihama kanisa. Nikipita Kangemi nilitazama upande mwingine. Nilikuwa nikipiga pasi nguo za madam na kujikuta naongea peke yangu, nabishana na mtu ambaye hayupo.

Siku moja Mama Faith alikuja mlangoni kwangu. Amekonda, amefunga leso kichwani. Hakuomba kuingia.

"Sikuja unisamehe," alisema. "Najua haiwezekani. Nimekuja kukuuliza kitu kimoja tu. Kama hiyo simu ingekuwa kwa mkono yako, na Faith ndiye amechaguliwa, na Mutheu ndiye wa kungoja... ungefanya aje?"

"Ningekuja kwako mbio! Hata bila viatu! Si hivyo ndivyo uliapa?"

"Hivyo ndivyo hata mimi nilifikiria ningefanya," akasema. "Mpaka wakapiga."

Nilimfungia mlango. Lakini lile swali lilibaki ndani ya nyumba na mimi. Nikiosha vyombo lilikuwepo. Nikimfunga Mutheu vifungo vya blauzi lilikuwepo. Nilikuwa najijibu, ningekimbia, ningekimbia! Halafu namtazama mwanangu akihema, na jibu linaanza kutetemeka. Hilo ndilo lililonitisha zaidi.

Madaktari wakarudi. Safari hii nilikuwa na kitambulisho, laini yangu na simu yangu, nimeifunga shingoni kwa kamba kama mtoto wa shule anavyofunga ufunguo. Mutheu alilazwa wa kwanza, kama walivyoahidi. Alipopuliza kwenye ule mrija, daktari mmoja mgeni, mama mwenye nywele nyeupe, alimwomba arudie. Akarudia. Wakatazamana.

Walituita kwenye chumba kidogo. Yule mama alizungumza, na daktari wetu akatafsiri. Hakunificha. Alisema mgongo umepinda kupita kiasi, na mapafu yamebaki na nafasi ndogo. Tukiuacha, mtoto hatafika utu uzima. Tukiunyoosha, uti wa mgongo ambao umezoea kupinda unaweza kuumia, na miguu inaweza kufa. Alisema, "Mwaka jana hatari ingekuwa ndogo zaidi."

Niliwaambia siwezi kuamua. Mama gani anaweza? Mutheu ndiye aliyezungumza. "Mum, mimi nataka tu kupumua."

Nikaweka kidole gumba kwenye karatasi yao, kwa maana siku ile jina langu sikuweza kuliandika.

Asubuhi ya upasuaji nilimsindikiza hadi mlango wa thieta. Alikuwa ameshika leso yangu, nesi akaniambia haiwezi kuingia humo, nikamfungua vidole vyake kimoja kimoja. Akasema, "Mum, nikitoka nitakuwa nimekupita urefu." Mlango ukafungwa.

Nilikaa kwenye benchi la korido. Na siku hiyo hiyo, nawaambieni, watoto waliopasuliwa mwaka uliotangulia walikuwa wameitwa kuangaliwa na wale madaktari. Nikainua macho nikamwona Mama Faith anaingia na Faith. Msichana mrefu, mzuri, anatembea kama mtu aliyebeba mtungi kichwani. Mama yake aliketi mwisho kabisa wa benchi langu. Alikaa tu, ameinamisha kichwa, midomo inatembea kwa sala. Nilitaka kumfukuza, sikuwa na nguvu. Tukakaa hivyo, wanawake wawili kwenye ncha mbili za ubao mmoja, mchana kutwa.

Jioni daktari wetu alitoka. Alikuwa bado amevaa kofia ya thieta. Alipiga magoti mbele yangu, na daktari akikupigia magoti unajua.

"Mama, yuko hai. Anapumua vizuri. Mgongo tumeushika..."

"Na miguu?"

"Tumemwamsha kidogo tukamwambia acheze vidole. Mikono imecheza. Miguu haijacheza."

Sijui nilisimama saa ngapi. Nilijikuta nimemshika Mama Faith mabega, namtikisa, napiga mayowe yaliyosikika hadi kwa wagonjwa wa nje. "Umeiua miguu ya mwanangu! Uliuza miguu ya mwanangu! Ile simu ilikuwa yake! Kile kitanda kilikuwa chake!" Hakujitetea. Alilegea mikononi mwangu kama nguo. Walinzi wawili walitutenganisha.

Na nilipogeuka nikamwona Faith. Alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba cha eksirei, na gauni la hospitali, amesikia kila neno.

Mutheu alikaa hospitali muda mrefu. Walimkanda, walimnyoosha, walijaribu kila njia waliyoijua. Yule daktari mwenye nywele nyeupe, kabla ya kusafiri, alikuja akakaa kitandani kwake na kulia waziwazi. Simlaumu. Alimpa mwanangu pumzi. Siku hizi Mutheu analala chali, anaimba mstari mzima bila kukatika. Mgongo wake umenyooka kuliko wangu! Lakini kutoka kiunoni kwenda chini hasikii hata maji ya moto. Msichana aliyetaka kunipita urefu, nambeba kutoka kitandani hadi kwenye kiti cha magurudumu, na miguu yake inaning'inia kama si yake.

Madam alinivumilia, kisha akachoka, akatafuta mwingine. Simlaumu naye. Sasa nafua nguo za watu hapa plotini, ili nisiende mbali.

Mama Faith sikumwona tena. Nasikia ameacha kazi ya Hurlingham na kurudi Mwingi, na Faith amebaki kwa shangazi yake Kangemi kwa sababu ya shule. Kama nimemsamehe? Kanisani huniambia nisamehe. Nimejaribu. Nikifika kwenye jina lake sala inaishia hapo. Siwezi kuwadanganya ninyi kwamba imekwisha.

Lakini Faith alikuja.

Alikuja peke yake Jumamosi moja, na sare yake ya shule. Mutheu alikuwa ndani anasikiliza redio. Nilikuwa nje kwenye kamba nikianika. Alisimama mbele yangu, akasema kwa sauti ndogo sana, "Auntie, nataka uniambie ukweli. Nililala kwa kitanda cha Mutheu? Hii mgongo ni yake?"

Nilimtazama. Neno la kumjibu nilikuwa nimelibeba zaidi ya mwaka, nikitaka kumwambia mtu yeyote atakayesikiliza. Lilikuwa mdomoni. Ningelitamka tu, na yule mtoto angeinama chini ya uzito wake, na hakuna daktari wa nchi yoyote ambaye angemnyoosha tena.

Nikamwambia, "Faith, wewe ulikuwa mgonjwa, ukatibiwa. Huo ni mgongo wako. Hukumchukulia mtu kitu."

"Lakini niliskia..."

"Uliskia mama anayelia. Ingia ndani, rafiki yako ako pale."

Alisita mlangoni. Kisha nikamsikia Mutheu akiita kwa nguvu, kwa hiyo pumzi yake mpya, "Faith! Ni wewe? Mbona umekaa hivyo bila kuja, we msichana!" Nilibaki kwenye kamba nimeshika shuka la watu, nikilia bila sauti ili wasinisikie.

Anakuja kila Jumamosi sasa. Huwa anamsukuma hadi barabarani wakaone watu. Nikiwaona wanaondoka huwa naumia. Sijui nitaacha lini kuumia.

Wenzangu mnaosoma haya, nawasihi. Mtoto akianza kuinama bega moja, usimgombeze kama nilivyomgombeza wangu, usiulaumu mkoba, usingoje akue. Mvue nguo umtazame mgongo, umpeleke hospitali mapema. Na ukiwa unangoja nafasi ya kutibiwa, usimwachie mtu mwingine sikio lako, hata kama mmezika pamoja! Nenda mwenyewe. Kaa kwenye lile benchi hata wakuchoke. Gombana na tajiri wako, kazi utapata nyingine.

Na wewe... kuna mmoja kati yenu amepewa ujumbe wa mwenzake. Labda ni simu, labda ni neno tu la kupeleka mlango wa pili. Na labda ukinyamaza, mtoto wako atafaidika. Najua unavyompenda. Najua hakuna atakayejua, angalau leo. Ninakupigia magoti, mimi usiyenijua, mama wa Mutheu: inuka sasa hivi uupeleke. Ukiuma, na uume. Upeleke!